Wadhamini Watatu Wasiosalimiana

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Barani, Malindi.
Miaka kumi na tisa tangu nitoke Vitengeni. Mvi ziliniwahi, na kule waliziita ushahidi wa uchawi. Sasa kaka yangu Kambi ananiita: Jumamosi ukoo unagawa shamba la baba, nije na kile kitambulisho kipya cha kwenye simu. Hakikai katika ofisi yoyote. Ni changu, nakishika mwenyewe. Nataka kipande kimoja tu, penye kaburi la mke wangu.

Simu ikipotea, wadhamini watatu hukirudisha, sharti wawe chumba kimoja. Nimeteua jirani yangu Kitsao, Mwenda mwenye duka na Pamela wa kwaya. Hawasalimiani tangu ile kesi ya jogoo. Wasiosalimiana hawali njama. Akili hiyo!

Jumanne
Kitsao alichungulia nikiandika nambari ya siri. Nikakimbia kujificha chooni, simu mfuko wa shati. Nikainama. Shimo ni refu.

Jumatano
Nimenunua simu nyingine, nikawaendea. Kitsao kasema, mzee wangu, kuketi na Mwenda labda kwenye matanga yako. Mwenda kasema hayo hayo. Pamela kaongeza kwamba siku hiyo angeniimbia bure.

Matanga! Kwa namba mpya wasiyoijua, nimejitangazia kifo.

Alhamisi
Wamekuja wote. Kitsao alilia mpaka kamasi. Nikaona haya kumdhania mwizi. Nilipotoka chumba cha ndani, Pamela alimrukia Mwenda mapajani. Kitsao akapaza sauti kwamba hata kufa sijui. Lakini walithibitisha. Kitambulisho kimerudi!

Ijumaa
Habari ya kifo ilifika Vitengeni mbio. Kambi amekwisha kunyoa kichwa kwa msiba wangu. Nilimpigia, aliposikia sauti yangu akapiga mayowe, akakata. Nimewaza mchana kutwa. Mzee aliyefukuzwa kwa uchawi, akifa Jumatano, akatokea Jumamosi kwa miguu yake, atamwambia nani kwamba si mchawi? Kitambulisho kinathibitisha kuwa mimi ndimi. Ndiyo balaa yenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba
Leo wamegawa. Marehemu hapewi fungu. Mke wangu ataendelea kulala peke yake, na kosa ni langu.

Wadhamini nimewafuta. Tangu matanga wanakunywa chai pamoja kibarazani kwa Pamela, wanacheka. Hatari tupu! Nimeteua wengine: ndugu wawili wanaoshtakiana mahakamani, na shahidi aliyewageuka wote. Wameapa hawataketi pamoja hata peponi. Sasa niko salama.

Vitengeni sitarudi.