Beji Moja, Wanyumba Wawili

Jumatatu, 12 Mei

Injinia Velislava, mkuu wa hifadhi ya ziwa letu, amebandika tangazo kwenye mlango wa duka la mikate. Anatafutwa mwongoza watalii wa msimu. Mmoja tu. Atapewa beji ya shaba na kofia ya kijani. Ijumaa meli ya watalii inafika mji wa Ruse, huku kwetu Bulgaria, kutoka Vienna. Asubuhi wataonyeshwa mji, mchana wataletwa hapa kijijini kutazama ndege wetu, mwari. Anayetaka kazi ajitokeze, apewe kundi, aonekane.

Nikajitokeza. Nimezaliwa kando ya ziwa hili miaka sabini na moja iliyopita, kila tete linanijua. Nikakuta Spas ameshaandika jina lake, kwa herufi kubwa, kama kawaida yake.

Spas ni mwanyumba wangu. Tumeoa dada wawili, yeye mkubwa, mimi mdogo, na tangu siku ile mke wangu Tsona hunipima kwa Spas. Spas ameezeka vigae vipya. Spas ana mashua. Spas hakoromi. Mara ya mwisho Tsona kunisifu ilikuwa mwaka tuliochimba kisima, na nadhani alikuwa anakisifu kisima.

Spas akanipiga bega mbele ya watu. Akasema, "Mwanyumba, usijisumbue. Mtalii akikuuliza jina la ndege, wewe utamweleza anavyopikwa." Duka zima likacheka. Nikacheka nao, kwa meno yangu ya bandia, ambayo hucheka vibaya kwa sababu ya juu hayashiki.

Naitaka beji ile. Nataka Tsona anione nayo kifuani, kisha anitajie vigae.

Jumanne, 13 Mei

Chakula cha mchana kwa Spas. Binti yake amekuja na mumewe, Lefteris, Mgiriki wa Thesaloniki, kijana mpole. Nikamjazia rakia yangu, pombe kali ya plamu. Akanywa. Nikamwonyesha chupa tena. Akainua nyusi, bila neno. Nikaona amefurahi, nikamjazia. Akainua tena, juu zaidi. Nikamjazia zaidi. Kufika saa tisa Lefteris alikuwa amelala kwenye ngazi, amekumbatia kiatu cha mama mkwe wake.

Njiani Tsona akanifokea. Anadai kwa Wagiriki nyusi juu maana yake hapana, kila mtu mezani alijua ila mimi. Nikamwambia hakuna binadamu anayeweza kuikataa rakia yangu kwa nyusi. Akasema Spas alijua.

Bila shaka alijua.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata silaha. Kwenye nyumba ya kusomea ya kijiji nimeokota kijitabu cha adabu za wageni, hakina jalada, panya wamekula nusu. Nusu iliyobaki ni dhahabu. Sisi tukikubali tunapeleka kichwa pembeni, kulia na kushoto. Tukikataa tunakipandisha na kukishusha. Kijitabu kinasema karibu dunia nzima hufanya kinyume. Yaani mtu wa Vienna akikuuliza jambo, ukampelekea kichwa pembeni kwa moyo safi, yeye anaona umemkatalia!

Spas hajui hili. Spas hasomi. Watalii wake watadhani anawakatalia kila kitu mpaka warudi melini wanalia.

Nimeanza mazoezi. Kichwa chini, ndiyo. Kichwa pembeni, hapana. Tsona akauliza kama nimemlisha nguruwe. Nikashusha kichwa: ndiyo. Akaenda kumlisha mara ya pili. Jioni akauliza kama nataka supu zaidi. Pembeni: hapana. Nikaletewa bakuli jingine, la matumbo.

Mimi na nguruwe tumeshiba. Elimu ina gharama zake.

Alhamisi, 15 Mei

Shingo inauma, lakini kichwa kimeshika. Sasa kinakwenda kigeni chenyewe, hata nikiongea na mbwa.

Tatizo ni mwari. Mwezi huu wako ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo hufikiwa kwa mashua, na mashua ni ya nani? Kundi langu litatembea kwa miguu kwenye njia ya mbao, litaona vyura.

Basi nimetengeneza mwari. Nimemkata kwenye mlango wa kabati kuukuu la Tsona, plaiwudi nzuri. Nimempaka chokaa, na mdomo nimeupaka rangi ya chungwa iliyobaki kwenye trekta, pamoja na ule mfuko wake wa kidevuni. Nimemchomeka kwenye matete, hatua ishirini kutoka njiani, nyuma ya kamba inayozuia watu wasiingie kwenye tope. Kwa mbali ukikunja jicho moja anapumua. Mwari wa watu huwekwa ndani na kufundwa na kungwi. Wangu kafundwa na msumeno, na hana maneno.

Tsona kauliza mlango wa kabati uko wapi. Nikamwambia umeoza.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Meno ya juu sina. Nieleze kwa mpangilio.

Asubuhi, Ruse. Mimi kundi langu, Spas kundi lake. Nikawaambia wangu, kwa Kijerumani changu cha maneno tisa, kwamba huu mji huitwa Vienna Ndogo. Bwana mmoja mnene, Ebner, mwenye kamera kubwa kama sufuria, akaonyesha kwa mikono kwamba ile kubwa wameiacha juzi na miguu bado inawauma. Yule mwanamke wa sanamu aliyesimama juu ya nguzo uwanjani nikawaambia ni bibi yangu mzaa mama. Nikaonyesha pua yake, nikaonyesha yangu. Wakapiga picha pua zote mbili.

Kisha mambo yakaanza kuwa ya ajabu. Mama mmoja akasonta mlango wa choo, akajisonta kifuani. Cha wanawake? Nikashusha kichwa: ndiyo. Akaniaga kwa adabu, akaingia mlango wa pili. Akatoka mbio, na nyuma yake akatoka mzee anafunga mkanda. Mwingine akauliza kama maji ya bomba yananyweka. Kichwa chini, ndiyo. Akayamwaga. Nikasema moyoni, watu wa Vienna ni wabishi.

Mchana, ziwani. Tsona na dada yake walikuwa ufukweni na sinia za banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, kwa wageni. Velislava yupo, na kalamu. Spas kaondoka na mashua yake, anaimba. Nikawapitisha wangu kwenye njia ya mbao mpaka kwenye kamba, nikanyoosha kidole. Mwari! Wakaguna kwa furaha. Bwana Ebner akataka kumpiga picha kwa karibu. Akanyanyua kamba, akaonyesha tope, akaweka mkono kiunoni, akaniuliza kwa macho: ni refu?

Kichwa chini. Ndiyo, refu. Nikakishusha mara tatu ili asikosee.

Akatabasamu, akanishukuru, akaingia.

Alizama mpaka kwenye kitovu. Kamera juu, bwana chini. Nikapiga yowe kubwa kiasi kwamba meno ya juu yaliruka, yakatua mbele yake, yakazama yakicheka. Spas akasikia, akaja na mashua, akamvuta kwa kamba. Bwana Ebner alipotoka alikuwa amemkumbatia mwari wangu, na mgongoni kwa mwari kulikuwa na bawaba mbili za kabati. Tsona akazitambua. Sikumtazama.

Velislava akaja na kalamu yake. Watu wote wamesimama. Mimi nimefunga mdomo, maana bila meno naonekana kama mfuko wa tumbaku, na mwanamume haombi kazi katika hali hiyo. Akaniuliza, "Mzee Genko, huyu ndege wa mbao ni wako?"

Hapana! Nikapeleka kichwa pembeni.

"Na huyu bwana alikuuliza, ukamwambia aingie?"

Pembeni, kwa nguvu.

Akaandika. Nikaona anaandika haraka mno kwa mtu aliyekataliwa. Akauliza, kwa sauti ya upole, "Basi unakubali mwenyewe kwamba beji apewe Spas?"

Nikakipeleka pembeni mpaka kofia ikaanguka.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Velislava ni mtu wa hapa hapa.

Nikafungua mdomo kusahihisha. Ikatoka hewa. Watu wakapiga makofi. Spas akaja machozi yanamtoka, anasema, "Mwanyumba, miaka yote hii sikujua una moyo huu." Akanikumbatia, akaninyanyua juu mbele ya wageni, na kiuno chake kikalia kama ubao wa njia. Akaniweka chini polepole. Yeye akabaki ameinama.

Mke wa Ebner ndiye aliyefumbua fumbo. Alitoa karatasi waliyogawiwa melini: picha ya kichwa yenye mishale. Velislava akatutafsiria. Wameonywa kwamba huku kwetu kichwa chini maana yake hapana na pembeni maana yake ndiyo, na wamejifunza kutoka Vienna mpaka Ruse. Mimi nimekwenda kwao, wao wamekuja kwangu, tumepishana njiani.

Jumamosi, 17 Mei

Tsona kanipikia banitsa, nzima, ya peke yangu, na kaniloweshea katika maziwa kwa ajili ya ufizi. Nilingoja suala la kabati. Hakulitaja. Nikamsikia akimwambia dada yake juu ya ua, "Genko wangu ni mtu mzima kweli. Alikiri kila kitu, na beji akamwachia mwenzake kwa kichwa chake mwenyewe."

Kwa kichwa changu mwenyewe, ni kweli. Sikuongeza neno. Nitakufa nalo. Nilikula banitsa yote nikitazama ukutani, maana nilihisi macho yananiwasha, labda ni jibini.

Baadaye kaja Velislava. Spas kalala chali, hawezi hata kugeuka, beji iko kwenye mto. Jumanne linakuja basi la wageni na hakuna wa kuwapokea. Je, ningeweza kumshikia siku moja, na kofia yake nivae? Nikifanya vizuri, huenda beji ya pili ikapatikana. Alisema ana sharti moja tu, na alilisema mara mbili: nisitumie kichwa.

Nikamwambia, kwa hewa niliyonayo, kwamba hilo ni rahisi.

Mwari wangu kapigiliwa msumari kwenye nguzo pale kwenye kamba, na kifuani kaandikwa TOPE. Kwa Kibulgaria tu.

Jumapili, 18 Mei

Daktari wa meno hana nafasi mpaka mwezi ujao. Kusema siwezi. Kichwa nimekatazwa. Nimefikiri toka kanisani mpaka nyumbani, na jibu nimelipata kwenye kioo cha kunyolea.

Ni Wagiriki, hao wa Jumanne. Basi zima, kutoka Thesaloniki. Spas kaniita kitandani kwake kunionya jambo kuhusu Wagiriki, nikamwambia apumzishe kiuno. Wagiriki ninawajua. Nimekunywa nao.

Nyusi. Nyusi hazina makosa, kila mtu anazo, na zikipanda zinafurahisha. Nyusi juu, ndiyo. Nimefanya mazoezi mara mia, Tsona anadhani nina homa. Jumanne nitasimama pale kwenye kamba, kofia ya kijani kichwani, karibu na mwari wangu, na wakiniuliza kama tope ni refu nitaziinua mpaka ziguse kofia.