Nusu ya Nusu Haiishi

Jumatatu, 3 Machi
Nimemeza kidonge. Kidogo tu, lakini nesi alikitoa kwenye kikopo kizito cha risasi na kusogea mbali. Iodini yenye mionzi, ya kutuliza tezi yangu ya shingoni. Daktari kaagiza nilale peke yangu, sahani yangu iwe yangu, nikae mbali na watoto wiki mbili. Eti nguvu ya mionzi hupungua nusu kila siku nane. Mke wangu kamchukua binti yetu, wamehamia kwa dada yake. Kitanda chote changu! Nimelala katikati, miguu huku na huku.

Jumatano, 5 Machi
Raha mustarehe. Kingi, fundi viatu wa chumba cha pili, alikuja na ubao wake wa drafti. Tunamwita Kingi kwa sababu kila kete yake hugeuka kingi, na akinifunga hucheka hadi mtaa mzima ujue. Nikamwambia kupitia dirishani kwamba natoa mionzi. Akarudi kinyumenyume, ubao akauacha. Ushindi wangu wa kwanza tangu tufahamiane! Bombani nako foleni nzima imenipisha. Kumbe ugonjwa nao ni cheo.

Alhamisi, 13 Machi
Wazo! Kwa nini wiki mbili tu? Nimepiga hesabu. Siku nane, nusu. Nane nyingine, nusu ya hiyo nusu. Halafu nusu ya nusu ya nusu. Haiishi! Nimempigia mke wangu, nikamweleza kwa sauti ya kigonjwa kwamba daktari hajui hesabu. Nikaomba wiki mbili za nyongeza. Akasema amesikia. Nimepata mke mwelewa.

Jumapili, 16 Machi
Kimya. Redio inarudia habari zilezile. Nimecheza drafti peke yangu, nikafungwa. Nikajaribu kucheka kama Kingi ili angalau kuwe na kelele. Wapi! Kingi mwenyewe hupita upande wa pili wa barabara, ananipungia mkono wa kwaheri. Nimekuta kiatu kimoja cha binti yangu chini ya kitanda. Nimekiweka mezani, tumekula pamoja.

Jumanne, 18 Machi
Uzalendo umenishinda. Nimempigia mke wangu arudi, nimepona. Akauliza ile nusu ya nusu imeishaje. Nikajiumauma. Akasema dada yake ameshaanza kuulizia shule ya karibu kwa ajili ya mtoto.

"Wewe mwenyewe ulisema haiishi, mume wangu. Mwanangu simleti kwenye kitu kisichoisha."

Akakata simu. Nimelia. Naandika tu, nani atasoma?

Alhamisi, 20 Machi
Hospitali. Nesi kanielekezea kimashine shingoni, kasoma, kacheka. Kasema zimebaki chenga tu zisizomdhuru mtu, kwa sababu sehemu kubwa nimeshaikojoa. Mkojo! Kwenye hesabu yangu sikuutia. Nikamsihi ampigie mke wangu. Waliongea sana. Ya upande wa pili sikuyasikia, ila nesi alinitazama mara kadhaa huku akitikisa kichwa.

Jumamosi, 22 Machi
Wamerudi! Nimemkumbatia binti yangu mpaka akalalamika namfinya. Mke wangu akazima redio yangu, nikaiacha hivyo hivyo. Jioni Kingi kaja, kanifunga michezo yote, kacheka mtaa mzima ukasikia. Sijawahi kufurahia kufungwa namna hii. Naapa, sitadanganya tena maishani.

Jumapili, 23 Machi
Mke wangu kasema mama yake anakuja kukaa nasi mwezi mzima. Mama mkwe! Anayelala na taa na kuamka na maswali! Nikakohoa kidogo. Nikasema nesi ni mtu mzuri, ila kwa wazee hata chenga ni hatari. Nusu ya nusu, unajua tena.

Mke wangu akanitazama weee. Kisha akachukua begi ambalo hajalifungua tangu jana, akamvisha mtoto viatu vyote viwili, akasema kwa upole kwamba basi watakwenda wao kwa bibi, mwezi mzima, ili mimi nipungue vizuri. Kingi kasikia kupitia ukutani. Hajaja kuchukua ubao wake.

Lakini mama mkwe haji! Kitanda chote changu! Nimezipanga kete. Nyeusi ni zangu. Nyeupe pia.