Mdomo-Bata Aondolewe Malishoni Kwetu

Kijiji cha ejido ya La Noria Honda,
Coahuila.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Makumbusho,

Pokea salamu za mfuga mbuzi. Mimi ni Hermelinda Cepeda, mke wa Nabor, yule aliyefukua mkia wa dinosaria wenu mwenye mdomo wa bata. Umetuandikia kwamba lori litakuja kumchukua Jumatatu. Kwa heshima zote, naomba lije kesho. Sababu zangu ni hizi:

1. Wataalamu wako waliingia jikoni kunywa kahawa, wakalitazama figa langu moja, wakapiga magoti. Wakasema ni pingili ya mkia, wakaondoka nalo. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mimi nimebakiwa na mawili, na nakuarifu kwamba hayo nayo hayainjiki.

2. Nabor hajawahi kufagia hata kizingiti chake. Sasa anampangusa mnyama kwa brashi, mfupa kwa mfupa, na jioni anamfunika kwa blanketi langu la harusi. Mnyama aliyelala ardhini tangu jangwa hili lilipokuwa pwani hahitaji blanketi.

3. Mlimwambia mnyama huyo alikula majani tu. Basi mume wangu, mfuga mbuzi mwana wa mfuga mbuzi, hagusi tena nyama. Majirani wanamuuliza kama ameshaanza kutaga.

4. Mlisema pia kwamba meno yake yakilika, mengine yalikuwa tayari chini yake. Mama mkwe, ambaye hana hata la kung'atia mkate laini wa tortilla, amemsusia Mungu. Padri anakuja kumbembeleza na bado hajafanikiwa.

5. Kubwa kuliko yote, mlimweleza Nabor kwamba wanyama hao walitembea makundi kwa makundi, wakubwa na wadogo, na kwamba walipiga baragumu kwa upanga wao wa kichwani, kama wa jogoo, kuitana. Tangu hapo sili kwa amani. Kila jioni mezani ni mnyama: alilala wapi, aliwaitaje watoto, watoto walikujaje. Marehemu wa siku nyingi hivyo hana haki ya kuvuruga nyumba ya walio hai.

Wasalimie wataalamu wote, na yule dada aliyesahau kofia. Mbuzi wameila.

Ni mimi, mwenye kukereka kwa adabu,
Hermelinda Cepeda

Tanbihi: Mwanetu Wenceslao alivuka mto wa mpakani kwenda kaskazini kutafuta kazi, na hajapiga simu. Tangu aondoke hadi alipompata mnyama huyu, Nabor alikuwa akila huku ameukodolea macho ukuta, bila neno. Jana alikuwa akieleza watoto wa mnyama walivyoitwa wakaja, akanigeukia, akaniuliza, "Linda, hivi wewe umekula?" Nilikuwa sijala. Mheshimiwa, barabara ya kuja kwetu imekatwa na mvua. Mvua haijanyesha tangu mwaka juzi, lakini barabara imekatika. Lori lisije.