Ubao Wangu na Kilabu cha Theopista

Jumamosi, 24 Juni 1972

Nimebandika Mapendekezo ya Wiki kwenye ubao wa chama cha ushirika, kando ya bei ya kahawa. Filamu ya Kihindi iliyoingia sinema ya mjini: nendeni. Asiyelia pale mwana anapomwimbia mama yake anayekata roho, akapimwe. Mchezo wa redio wa Jumatano: usisikilizwe, sauti za wanawake wote ni za mtu mmoja. Mwandiko safi, wino wa buluu. Watu wamesoma bei ya kahawa, wakaondoka.

Wameenda wapi? Kwa Theopista. Mjane, muuza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hajui kusoma, na kilabu chake ndicho kinachoamua watu wa hapa wapende nini. Alishuka Moshi kununua ulezi, akaiona filamu ile. Amesema mwanawe akimwimbia hivyo kitandani, atainuka amchape kwanza ndipo afe. Kilabu kizima kimecheka. Basili, aliyeniahidi kwenda, amesema nauli yake ataitia kwenye mbege.

Mimi nimeirudia filamu hiyo na kila mara nimelia. Watu gani hawa wanaocheka kifo cha mama? Nina uchungu.

Jumapili, 25 Juni

Baada ya misa Kastori, katibu wa tawi, ametangaza kwamba mashindano ya kwaya na ngoma ya Sabasaba yanataka mwamuzi mmoja kutoka kwetu. Mtu mwenye jicho la sanaa. Nikanyoosha kola. Atakaa jukwaani, kwenye kiti chenye mto, mbele ya wilaya nzima. Nimekitamani kiti hicho tangu ujana.

Kastori akasema majina yaliyomfikia ni mawili: Thadeus, karani wa mizani ya kahawa, ndiye mimi, na Theopista. Atateua Alhamisi.

Mke wangu Anyesi amesema kama ni jicho, la Theopista halijawahi kumdanganya. Sikula mchana. Na ndizi zilikuwa na nyama.

Jumatatu, 26 Juni

Nimebandika uhakiki mpya, bila jina la mtu. Kuna kilabu, nimeandika, ambacho mbege yake na maoni yake vimelala tangu juzi, na vyote viwili vinapanda kichwani bila kushibisha.

Umati! Wanaojua kusoma wakawasomea wasiojua. Bei ya kahawa leo imekosa msomaji. Nimesimama nyuma ya mizani nikijifanya napima gunia tupu.

Furaha haikufika jioni. Kastori amepita akasema mwamuzi hawezi kuwa mtu mwenye ugomvi na jirani, nchi inajengwa kwa umoja. Nikasema ugomvi haupo. Akasema basi niende nikaone kilabuni, watu wanaogopa mbege iliyolala, na Theopista amekaa peke yake na mapipa yake.

Sikwenda kuona.

Jumanne, 27 Juni

Nimepata dawa. Isale! Mtu akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, hata kama alikuchomea nyumba, humfukuzi. Unasamehe, yamekwisha. Babu zetu waliweka mila hii bila kujua wanamwandalia Thadeus kiti.

Nitalipeleka kesho mbele ya watu, Kastori akiwepo. Theopista hana njia ya kukataa. Nitaonekana muungwana.

Anyesi ameuliza kama ninajuta kweli. Nimemwambia isale halina swali hilo. Ameacha kumenya ndizi, akanitazama, kisha akaendelea kumenya.

Jumatano, 28 Juni

Nimekwenda. Kastori alikuwa mlangoni, kama nilivyopanga. Nikatoa shikamoo, nikatoa jani. Theopista alilipokea kwa mikono miwili. Baadaye amesema tangu mumewe afe wengi wamemkosea, na hakuna aliyewahi kumletea isale. Alikuwa akilia. Niliona aibu, lakini ilipita.

Ikabaki kunywa. Ndipo Mzee Athanas, aliyeshika kibuyu cha upatanisho, akanitaka kwanza nilitamke kosa. Hilo nilikuwa nimelisahau. Nikasema nilidai mbege yake imelala. Akauliza kama niliionja. Sikuionja. Akauliza, na maoni yake je? Isale likishapokelewa mtu hasemi nusu. Nikasema maoni yake ni ya mtu anayeona sawasawa. Basili akauliza hata kuhusu ile filamu. Nikasema hata ile filamu.

Nikapewa kibuyu. Mbege ilikuwa nzuri mno, na hilo limeniuma kuliko yote.

Alhamisi, 29 Juni

Theopista ameteuliwa. Kastori amesema hajapata kuona mtu anayeshuhudiwa na mshindani wake kwa isale. Na kwa kuwa hajui kuandika, Theopista mwenyewe ameomba apewe mwandishi. Amenitaja mimi.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba

Yeye kwenye kiti chenye mto. Mimi kwenye kigoda nyuma yake, kalamu mkononi.

Ngoma zilipita, vumbi likapanda. Kisha ikaingia kwaya ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa, watu wa mikoa ya mbali, nguo hazifanani. Wakaimba wimbo wa kuaga kwao. Chozi lilidondoka kwenye karatasi yangu. Theopista akageuka, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akaninong'oneza, "Andika hawa, baba. Wanaimba kama watu ambao hapa hakuna aliyewahi kuwauliza wametoka wapi."

Ndicho hasa nilichokuwa nacho kifuani. Miaka yote ya ubao sijawahi kuandika sentensi kama ile. Nikaiandika. Ikasomwa kwenye kipaza sauti, uwanja wote ukasimama kumpigia yeye makofi. Naichukia sentensi ile. Nimeikariri.

Jumamosi, 8 Julai

Nimebandika Mapendekezo. Kwaya ya miwa: isikilizwe popote itakapoimba. Mwamuzi: alisinzia. Maneno yaliyosomwa kwenye kipaza sauti: ya mwandishi wake.

Mchana nimepanda masale, mashina ya isale, nyuma ya jiko. Anyesi ameuliza ni ya nini. Nimejibu ni mpaka wa shamba. Amesema upande ule hatuna jirani. Nimeendelea kuchimba. Shina la kwanza ni la Theopista, la pili ni la Kastori, na pembeni nimeacha nafasi ya padre, ambaye mahubiri yake bado sijayahakiki.