Mama Mkwe Kalalia Skonzi Zangu

Jamani, leo nimeadhirika ndani ya nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe. Nawaandikia nikiwa uani, nimekaa juu ya ndoo, kwa sababu nikirudi ndani nitagombana na mtu.

Mama mkwe kaja kutoka Bahi. Hajawahi kulala kwangu hata siku moja, na ana wimbo wake mmoja: binti yake amekonda tangu nimuoe, eti simlishi. (Binti mwenyewe sketi za uchumba hazifungi tena, lakini nani atamwambia mama mtu?) Nikasema leo maneno hayo yaishe. Mke wangu yuko zamu hospitali mpaka jioni. Napika mimi! Chai ya maziwa, maharage, na skonzi nilizokanda kwa mikono hii hii inayochomelea mageti Kizota.

Nikakanda. Unga ukalainika, nikajipongeza. Tatizo baridi. Mnaijua Dodoma ya mwezi wa saba: nje upepo na vumbi, jikoni barafu, unga umekaa tu, hauumuki. Shemeji yangu Happy, mdogo wa mke wangu, akanipa ushauri.

"Shemeji, ufunge kwenye mfuko wa nailoni, weka kitandani, funika blanketi. Utaumuka wenyewe."

Nikauweka kwenye kitanda cha wageni. (Ndiyo. Kitanda cha wageni, siku ya mgeni. Nitukaneni tu.) Kisha nikatoka kutafuta mkaa, nikazunguka nusu ya Nkuhungu.

Kurudi, mama keshafika, keshakunywa uji, keshalala.

"Kalala wapi?"

"Chumba cha wageni," Happy akajibu. "Kausifu mto wako, anasema una joto, hajapata kuona."

Mto! Mimi sina mto wenye joto!

"Shemeji, ule ni unga wangu! Ingia uutoe!"

"Nimwamshe mama, katoka safari? Ingia mwenyewe."

Ananiambia mimi! Anajua kabisa kwamba mkwe haingii chumba alicholala mama mkwe. Hata nyumba ikiungua, unamtafuta mtu mwingine aingie. Nilikasirika mpaka masikio yakachemka. Aliyenishauri kitanda ni yeye, aliyempeleka mama kitandani ni yeye, na anayecheka ni yeye! Nikampigia mke wangu anisaidie. Akacheka mpaka nikasikia wagonjwa wanamuuliza kuna nini. Nikakata simu.

Mkaa ukashika, ukawa mwekundu, ukaanza kugeuka majivu. Chumbani mama anakoroma tu, juu ya chakula cha jioni. Nikavumilia, nikavumilia, ikanishinda. Nikapaza sauti:

"Happy! Mtoe huyo bibi juu ya skonzi zangu!"

Kukoroma kukakoma.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe huyo, wima. Mfuko ulikuwa umeshapasuka. Unga umeng'ang'ania kilemba chake, mwingine unaning'inia begani, unarefuka polepole kuelekea sakafuni. Nikainamisha macho, kwa heshima na kwa kukosa pa kukimbilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe." Akapapasa kilemba, akatazama vidole vyake. "Mimi nilikuja kuwasalimia. Kumbe nimeitwa kukanda."

Happy alianguka kwenye kochi, akacheka mpaka akaomba maji. Sikumpa.

Skonzi hazikuwepo tena. Mama akaloweka kilemba kwenye beseni, akajifunga khanga kichwani, akainama kwenye jiko langu mwenyewe, akasonga ugali na kupika mlenda aliokuja nao kama zawadi. Nikabaki kupepea mkaa. Hapo ndipo mke wangu akaingia.

"Umempikisha mama yangu? Mgeni?"

Nilitaka kueleza, lakini Happy alikuwa ameanza kucheka upya. Mama ndiye aliyenitetea, kama ule ni utetezi.

"Mwache, mwanangu. Mimi nilidhani hapa mnalala njaa. Kumbe ngano mnayo mpaka ya kulalia!"

Wote watatu wakacheka kwa pamoja. Nikachukua ndoo yangu nikatoka nje.

Sasa naona wengine mmeshatuma vikatuni vya kucheka kabla hata sijamaliza kuandika. Admini wa grupu hili, mwenye kutoa watu, ni mimi, na leo sina ukwe na yeyote humu.