Nati ya Tatu

Jumatatu, 12 Mei

Sijapata kumwambia mtu hili: nimesoma mwongozo wa mtambo wa haidrojeni mara tisa, lakini nikishika spana, inaniteleza. Mwalimu Tak ananiona fundi bora darasani kwa sababu najibu maswali. Hajaniona nikikaza nati.

Leo katangaza. Kiwanda kipya cha hapa Ulsan, kitakachotoa haidrojeni kwa maji na umeme wa upepo, kimetia saini mkataba na shule yetu. Kitaajiri mwanafunzi mmoja. Mhandisi anakuja Ijumaa kuchagua.

Lazima niwe mimi. Kiwanda cha mafuta kilimrudisha Baba nyumbani mwaka jana. Nikikosa, naenda kukata nguruwe kwa mjomba.

Ma Seok-ju, mtoto wa msambaza mitungi ya gesi, hajawahi kumaliza kitabu. Kaniambia, "Profesa, ukifika buchani usinisahau kwenye mbavu."

Jumatano, 14 Mei

Ijumaa ni siku yangu ya kuzaliwa. Bibi kakataa kunipikia supu ya mwani, ambayo kwetu kila mtu hunywa siku yake ya kuzaliwa. Eti inateleza, nami nitateleza kwenye mtihani. Kanipa peremende za kunata ili nafasi inigande. Miaka kumi na saba, na sipati hata bakuli moja.

Hila imekamilika. Nitalegeza nati ya tatu kwenye mtambo wetu wa mazoezi. Gesi itavuja kidogo. Nitapita na kitambuzi cha haidrojeni, kitalia mbele ya mhandisi, nami nitaokoa karakana nzima.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya Walimu. Wenzangu walikuwa darasani wakimwimbia Mwalimu Tak. Mimi karakana. Nusu mzunguko, kushoto. Nikajaza kadi ya mtambo, nikatia saini, kama ukurasa wa 31 unavyoagiza kila anayegusa nati. Saa nne na dakika kumi.

Ijumaa, 16 Mei

Mhandisi Bang ni mama mfupi, hacheki. Nilipita na kitambuzi. Kimya. Nikakisogeza hadi kwenye nati. Kimya. Nikakitikisa.

Mwalimu Tak akanong'ona kwamba mtambo umejazwa naitrojeni, gesi ambayo kitambuzi hicho hakiitambui. Tangu siku ya kwanza. Shule haina kibali cha kuweka haidrojeni karibu na watoto. Miaka miwili najifunza gesi ambayo haijawahi kuingia getini.

Seok-ju akachovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka kila kiungo, kama baba yake anavyofanya kwenye majiko ya watu. Nati ya tatu ikatoa povu.

Mhandisi Bang akauliza nani aliikaza mara ya mwisho. Akachukua kadi. Akasoma jina langu, Pyo Gyu-won, kwa sauti. Na saa.

Hakuna aliyeshuku hila. Hilo ndilo linaloniuma. Wote waliamini kwamba siwezi kukaza nati. Mhandisi akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe labda vitabu." Nafasi kapewa Seok-ju. Mchana alikunywa bakuli mbili za supu ya mwani pale kantini, bila kuteleza popote.

Nilimweleza Baba. Alimpigia mjomba simu.

Jumamosi, 17 Mei

Jumatatu Mhandisi Bang anarudi kupiga picha na Seok-ju mbele ya mtambo, baada ya Seok-ju kuukagua tena. Mwalimu Tak kasema kijana akiharibu, kiwanda kitaomba jina lingine.

Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa kuchagua nati iliyo mbele, ambayo brashi inaifikia. Ya nne iko nyuma ya bomba.

Karakana huwa wazi Jumamosi kwa wanaotaka mazoezi. Nilikwenda saa tatu. Nikalegeza nati ya nne, nusu mzunguko, kushoto. Nikafuta spana, nikairudisha mahali pake. Kisha nikajaza kadi, nikatia saini.