Rimu Iliyohamia Mjimwema

Jumatatu, 3 Januari 1955

Likizo ya Krismasi imekwisha, wanasema. Nani kaimaliza? Si mimi!

Nimefika Njombe leo mchana nikitokea ukweni, Makambako. Mwili wangu umebaki kule, umekaa kigodani, umeshika mbeta ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Lori lilizama matopeni tangu jana, tukalisukuma hadi tukafanana nalo. Kosa la barabara. Bwana Sasahivi anasema kosa ni langu.

Bwana Sasahivi ni Mzungu wa shamba letu la miwati, miti ya magome ya kiwandani. Kiswahili chake karibu chote ni "sasa hivi", ndiyo maana tukampa jina hilo. Mimi, Kefa, ni nyapara wa kengele. Kengele yenyewe ni rimu ya lori, inaning'inia mtini uwanjani. Nikiigonga alfajiri, kazi inaanza. Nisipoigonga, hakuna kazi Njombe. Nilimweleza hivyo baba mkwe Krismasi nzima, pamoja na habari za koti langu. Mzee Silvesta aliguna, akasema atakuja Jumapili kuliona hilo koti.

Koti! Koti la jeshi, zito, vifungo vya shaba, linafika magotini. Huvaliwa na nyapara wa kengele peke yake. Wengine wote hutetemeka. Kwa baridi hii, hicho ni cheo.

Asubuhi rimu kaigonga Odilo. Odilo! Mroma wa genge la kubandua magome, anayeamka kusali kabla ya kuku. Kagonga bila kutumwa na mtu. Na Bwana Sasahivi kasema nikichelewa tena wiki hii, koti linakwenda kwa Odilo.

Ng'o! Halivuliwi.

Jumanne, 4 Januari

Jana jioni nilichukua jogoo kwa jirani yetu Yunisi. Aliapa kwamba huwika hadi wafu wakasirike. Ema, mke wangu, akauliza kwa nini nisilale mapema tu kama watu wengine. Huyu hajui mipango.

Jogoo aliwika kweli. Safi! Nikamfunika na koti anyamaze kidogo, nijinyooshe. Nikajinyoosha. Nilipofumbua macho, watu walikuwa wameshafika kazini wenyewe, kwa mazoea.

Bahati, Bwana Sasahivi alikuwa Makambako kufuata spea. Nikagonga rimu kwa nguvu zote na kuwakemea watu kwa kuwahi. Odilo akasema leo atanyamaza, ila hawezi kunyamaza kila siku, ni dhambi. Unafiki mtupu! Haraka haraka haina baraka, hata vitabu vyao lazima vinasema.

Jogoo tumemla. Firigisi nimekula mimi. Koti linanuka banda la kuku, lakini bado ni langu.

Jumatano, 5 Januari

Nilimwagiza Ema aniamshe kwa njia yoyote. Kosa kubwa. Alitumia maji.

Nimegonga kwa wakati, meno nayo yakigongana. Bwana Sasahivi akapita, akatazama saa yake, akaguna. Odilo akanipa pole. Pole ya nini? Namfahamu, analipigia hesabu koti.

Basi nikawaza. Watu huisikia rimu. Nani huitazama? Kwa ukungu huu mtu haoni hata kidole chake mwenyewe. Sasa kwa nini mimi niifuate rimu? Rimu inifuate mimi!

Jioni watu walipotawanyika nikaishusha mtini, nikaivingirisha hadi kwangu Mjimwema. Njiani nikakutana na Mwalimu Enoki wa kanisani. Akauliza gari lenyewe liko wapi. Nikasema linakuja nyuma.

Sasa inaning'inia barazani kwangu. Nyundo nimeifunga kamba, kamba inapita dirishani, mwisho wake uko kwenye mguu wangu wa kulia. Ema akitoka kwenda kuchota maji alfajiri, mimi navuta. Nyapara gani Tanganyika nzima amewahi kufanya kazi amelala? Ema anasema nitajuta. Thubutu!

Alhamisi, 6 Januari

Ema alitoka. Nikavuta. Nikasinzia. Nikavuta tena. Nikasinzia.

Sasa, kengele ya kazi hugongwa harakaharaka, hata mtoto anajua. Ya msiba hugongwa moja moja, polepole. Mguu wangu haukukumbuka. Halafu kuna jambo jingine nililisahau: siku za ukungu, watu wa ng'ambo ya bonde huifuata sauti ya rimu ndipo wafike kazini. Wakaifuata. Wakafika kwangu!

Nimeamshwa na kilio. Wanaume wa shamba zima wamekaa uani, kofia mkononi. Akina mama wanaingia na kuni na vikapu vya unga, wakimlilia Kefa, Kefa aliyekuwa mwema. Sikujua kwamba nilikuwa mwema. Nikatulia kitandani nisikie zaidi. Genge la magome wakasema nyapara wao hakuwa mkali hata kidogo. Odilo alikuwa ameshaanza sala za marehemu, sauti inamkatika. Lo! Kidogo nilie mwenyewe.

Ema akarudi na debe lake kichwani. Wakamtua, wakamshika mikono, wakampa pole ya ujane. Akauliza nani amekufa. Wakamwambia. Akasema amemwacha anakoroma.

Mara Bwana Sasahivi akachomoza ukunguni, naye kaifuata sauti. Akaamuru watu waende kazini sasa hivi. Wazee wakamjibu kwamba siku ya msiba jembe halishikwi, wala shoka. Ndipo Ema akasukuma mlango. Mimi huyo, na koti mwilini na kamba mguuni.

Akina mama wengine walikimbia hadi barabarani. Nikawasalimu waliobaki, kamwene, kamwene. Nikawaambia kwamba kwa kuwa unga na kuni vimeshafika, mila iheshimiwe, leo pasiwe na kazi. Wengi waliona nina hoja! Bwana Sasahivi hakuona. Kanivua koti kwa mkono wake, kifungo baada ya kifungo, mbele ya waombolezaji wangu.

Ijumaa, 7 Januari

Rimu imerudishwa mtini. Odilo kaigonga. Ni mfupi, koti linamburuzika kwenye umande. Mimi niko genge la magome, natetemeka pamoja na wale wale walionililia jana. Leo hawasemi kwamba nilikuwa mwema.

Odilo kanifuata pembeni. Anasema Jumapili akija mkwe wangu, niliazime koti, hana kinyongo. Nikamjibu kwamba mali yangu siiazimi. Kisha nikaenda nyuma ya lundo la magome, na huko, nisijidanganye, iliniuma sana.

Jumapili, 9 Januari

Baba mkwe amefika. Na ukoo mzima! Habari zilizopelekwa na lori zilifika Makambako nusu: kwamba Kefa kafa. Nusu ya kufufuka ilibaki njiani.

Wamekuja na mbuzi na blanketi jipya la kunizikia. Mzee Silvesta alikuwa amelia, macho mekundu kabisa. Aliponikuta barazani nakunywa ulanzi, akanishika mabega, akasema Mungu ashukuriwe. Sikujua kwamba mzee ananipenda hivyo. Nikammiminia ulanzi.

Kisha akauliza koti liko wapi.

Wakati huohuo Odilo akapita njiani akitoka Misa, kalivaa. Nikasema lile pale. Nimempa maskini yule, hana kitu cha kujifunika. Odilo alisikia kila neno. Akainamisha kichwa, akanishukuru mbele ya wote. Baba mkwe akasema hajapata kuona moyo kama wangu, akanivisha blanketi la maziko. Jekundu! Lina joto kuliko koti.

Baadaye Odilo kaninong'oneza kwamba kesho niwahi, hawezi kunisitiri mara mbili. Niwahi vipi? Watu wametoka Makambako kunizika, niwakimbie? Mfiwa hupewa ruhusa. Mimi ndiye marehemu!

Koti litarudi. Nimekaa ndani ya blanketi langu, nimetafuta kosa lilikuwa wapi. Nyundo ilifanya kazi. Mguu ulifanya kazi. Rimu ibaki mtini kwake, sawa, sina ugomvi nayo. Kosa lilikuwa kamba fupi. Kutoka kitandani kwangu hadi uwanjani ni mteremko mtupu.

Kesho, nikiamka, naanza kusokota kamba ndefu.